Wamaya hawakutoweka: wapo, wanashinda kesi, na ardhi yao bado inakwenda

#1 Mbuyu_Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya Wamaya ikiletwa humu huishia kwenye piramidi, kalenda na ule uvumi wa dunia kuisha tarehe 21 Desemba 2012. Halafu anatokea mtu anauliza, "hivi walitoweka vipi?" na uzi unafia hapo.

Hawajatoweka. Sensa ya Guatemala ya mwaka 2018 ilihesabu Wamaya zaidi ya milioni 6, yaani asilimia 41.7 ya wananchi wote. Wengine wako kusini mwa Mexico, kwenye rasi ya Yucatán na jimbo la Chiapas, na wengine Belize. Lugha zao ni kama 30 hivi, na 22 kati ya hizo zinatambuliwa rasmi Guatemala: K'iche', Q'eqchi', Kaqchikel, Mam na nyinginezo. Mmam na Mq'eqchi' wakikutana, kila mmoja akashika lugha ya mama yake, hawasikilizani.

Nimefuatilia habari zao kwa muda mrefu, hasa kesi za ardhi, na kuna jambo moja linaloniuma. Watu hawa sheria wanazo. Guatemala iliridhia mwaka 1996 Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, unaosema watu wa asili washirikishwe kabla ya mradi kuingia kwenye ardhi yao. Hukumu pia wanazo, tena za mahakama kubwa. Wanachokosa ni mtu wa kukazia hizo hukumu.

Tuanze na Agua Caliente. Hii ni jamii ya Waq'eqchi' huko El Estor, upande wa Ziwa Izabal, mashariki ya Guatemala. Vilima vya huko vina nikeli. Wanakijiji walianza kuomba hati ya ardhi yao mwaka 1974. Wakaambiwa wailipie. Wakakubali, wakachangishana, wakalipa kidogo kidogo mpaka deni likaisha mwaka 2002. Deni limeisha, hati haitoki. Kisa? Kurasa za daftari la msajili wa ardhi zenye kumbukumbu za eneo lao zilikuwa zimenyofolewa.

Naomba msilipite hilo haraka. Kitabu cha serikali, ndani ya ofisi ya serikali, mkulima ana risiti zake zote mkononi, karani anafungua mahali panapohusika na karatasi hakuna. Kwa hiyo kisheria huyo mkulima ni kama hayupo. Na wakati hati yake inasubiri karatasi iliyonyofolewa, kibali cha mgodi kwenye eneo hilohilo kinapita bila shida.

Februari 2011 Mahakama ya Katiba ya Guatemala iliamuru kurasa zirudishiwe na hati itolewe. Haikutolewa. Wakapanda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, ile iliyoko San José, Costa Rica. Hukumu ilitangazwa Desemba 2023: serikali ilivunja haki yao ya ardhi ya pamoja, mgodi uliruhusiwa bila wao kushirikishwa ipasavyo, wapewe hati. Toka 1974 mpaka 2023 ni miaka 49. Kijana aliyejaza fomu ya kwanza akiwa na miaka 25, siku ya hukumu ana 74.

Hapohapo El Estor, Septemba 2009, kwenye mgogoro wa ardhi inayouzunguka mgodi wa Fénix, aliuawa mwalimu Adolfo Ich. Mjane wake, Angélica Choc, alipoona mahakama za nyumbani zinasuasua aliifuata kampuni mama hadi Kanada. Mwaka 2013 jaji wa Ontario akakubali kesi isikilizwe kulekule kwenye makao ya kampuni, jambo ambalo wanasheria wa migodi hawakulitarajia. Aliyekuwa mkuu wa ulinzi wa mgodi alikuja kukiri kosa Guatemala mwaka 2021. Oktoba ya mwaka huohuo wavuvi na wakulima wa El Estor walizuia malori ya mgodi wakidai washirikishwe kama mahakama ilivyoagiza. Jibu lilikuwa hali ya hatari, askari mitaani na nyumba kupekuliwa.

Naendelea chini. Naomba msichangie mpaka niweke sehemu ya pili.

#2 Mbuyu_Mkavu (mleta uzi)

Sehemu ya pili. Ardhi iliondokaje?

Wengi wanaanzia kwa Wahispania wa karne ya 16, na ni kweli, lakini kipigo kikubwa kwa nyanda za juu za Guatemala kilikuja baada ya uhuru, na kilikuja na kahawa. Miaka ya 1870 serikali ya Justo Rufino Barrios iliyageuza mashamba ya jamii kuwa mali ya kuuzwa. Mwenye fedha na anayejua kusoma fomu akajiandikisha. Mmaya akaamka ni kibarua kwenye shamba la jana yake. Baadaye, mwaka 1934, chini ya Jorge Ubico, ikatungwa sheria ya uzururaji: asiye na shamba la kutosha alazimike kufanya kibarua siku 100 hadi 150 kwa mwaka, na atembee na kijitabu kinachoandikwa siku alizofanya. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni enzi za masetla Kenya hawahitaji kuelezwa hapo.

Mwaka 1952 Rais Jacobo Árbenz alipitisha sheria ya kugawa ardhi isiyolimwa. Familia zipatazo 100,000 zilipata. Kampuni ya ndizi ya United Fruit ilikuwa miongoni mwa waliopoteza mapori, na mwaka 1954 Árbenz aliangushwa na mapinduzi yaliyosukwa na CIA. Ardhi ikarudishwa kwa wenye nazo. Vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoanza 1960 na kumalizika kwa mkataba wa Desemba 1996 huwezi kuielewa ukiruka hapo.

Tume ya ukweli iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti yake mwaka 1999. Waliouawa au kupotezwa ni zaidi ya 200,000. Kati ya waliotambuliwa kikamilifu, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Ukiukaji asilimia 93 ulifanywa na vyombo vya dola na vikundi vyake. Tume ikasema wazi kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vilifanyika.

Nitaje mahali pawili tu, maana pote pawili chanzo ni ardhi.

Río Negro. Lilikuwa linajengwa bwawa la umeme la Chixoy kwa mikopo ya Benki ya Dunia na benki ya maendeleo ya nchi za Amerika. Wanakijiji Waachi, jamii mojawapo ya Wamaya, walikataa kuhama. Tarehe 13 Machi 1982 wanajeshi na mgambo waliwapandisha mlimani wanawake 70 na watoto 107, wakawaua. Bwawa likajaa maji. Umeme ukaenda mjini. Serikali ilikubali kulipa fidia mwaka 2014.

Sepur Zarco. Wanaume wa Kiq'eqchi' wa eneo hilo walikuwa wanafuatilia hati za mashamba yao. Wenye mashamba makubwa wakawaita wanajeshi, waume wakachukuliwa, wake zao wakageuzwa watumwa wa kambi: kupika, kufua na kubakwa kwa zamu. Wazee hawa wa kike waliingia mahakamani Jiji la Guatemala wakiwa wamejifunika nyuso kwa shela, wakasema kwa lugha yao, mkalimani akatafsiri. Februari 2016 wanaume wawili, mmoja ofisa wa jeshi na mwingine kamishna wake wa kijeshi, walihukumiwa miaka 120 na 240. Mimi kesi hii naiheshimu kuliko zote, maana wale kina mama walidai na ardhi pia, pamoja na shule na zahanati. Hawakuomba kuhurumiwa.

Jenerali Efraín Ríos Montt mwenyewe, aliyetawala 1982 na 1983, alihukumiwa miaka 80 tarehe 10 Mei 2013 kwa mauaji ya kimbari ya Waixil 1,771, nao ni Wamaya, na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Siku kumi baadaye Mahakama ya Katiba ikaifuta hukumu kwa sababu za utaratibu. Alikufa 2018 bila hukumu kurudi.

Sasa karibuni.

#3 Reli_ya_Kati

Mkuu, uzi mzuri, umesoma. Lakini nitakupinga kidogo. Vita imeisha 1996, hiyo ni karibu miaka thelathini. Tukae tunalia na ukoloni mpaka lini? Mexico wamejenga Treni ya Maya, kilomita zaidi ya 1,500, inazunguka rasi nzima ya Yucatán. Watalii watashuka vijijini, vijana watapata kazi. Hapa kwetu reli ya kisasa imefungua mambo. Hawa ndugu zetu wakikataa kila mradi, watoto wao watatokaje?

#4 Mbuyu_Mkavu (mleta uzi)

Mkuu Reli_ya_Kati, hoja yako ni ya haki na Wamaya wenyewe hawana kauli moja juu yake. Kuna vijiji viliipokea treni kwa mikono miwili: walilipwa fidia, vijana wakapata vibarua. Sitaki kuwafanya wote wapinzani kwa sababu inapendeza kwenye simulizi yangu.

Tatizo liko kwenye namna walivyoulizwa. Ushirikishwaji ulifanyika Novemba na Desemba 2019, wiki chache tu, na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nchini Mexico ikasema haukufikia viwango, kwa kuwa watu walielezwa faida za treni bila madhara yake. Unamwambia mtu utaletewa maji, barabara na hospitali, umpe kura ya ndiyo au hapana. Atasema nini? Huduma hizo ni haki yake hata treni isipokuja.

Halafu ardhi ya Yucatán ni chokaa tupu, imetoboka kama sifongo. Mito mikubwa ya juu ya ardhi karibu hakuna. Maji yanapita chini, kwenye mapango, na unayafikia kupitia visima vya asili wanavyoviita senote. Kipande cha reli kati ya Cancún na Tulum kimepita juu ya mapango hayo, nguzo za chuma zikachimbiwa mpaka ndani. Kisima kimoja kikichafuka, uchafu unasafiri usikojua.

Na swali la nani anakula keki lipo tangu Cancún yenyewe ilipoanza kujengwa miaka ya 1970. Mmaya alikwenda pale kama fundi mwashi, kisha mhudumu wa hoteli, mfagia vyumba. Jina la Maya liko kwenye hoteli, kwenye treni, kwenye ufukwe. Yeye mwenyewe anarudi kupanga chumba pembezoni mwa mji.

Wanakataa kila mradi? Hapana. Angalia wafuga nyuki wa Hopelchén, jimbo la Campeche. Wao ni wafanyabiashara, asali yao ilikuwa inakwenda Ulaya. Mwaka 2012 serikali ikaipa kampuni ya mbegu ya Monsanto kibali cha kupanda soya iliyobadilishwa vinasaba, na dawa za magugu zikaja nayo pamoja na ukataji misitu. Mama mmoja Mmaya, Leydy Pech, ambaye kazi yake ni nyuki wadogo wasiouma, wale wanaofugwa kwenye gogo lililotobolewa na kuzibwa ncha mbili, aliunganisha vijiji, akawatafuta watafiti wa chuo kikuu, wakapima poleni kwenye asali na maji kwenye visima. Novemba 2015 Mahakama ya Juu ya Mexico ikasimamisha kibali kwa sababu wenyeji hawakushirikishwa. Mwaka 2017 kibali kikafutwa kwenye majimbo saba. Mwaka 2020 mama huyo akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Sasa nipe habari za shambani: soya ya magendo iliendelea kupandwa, na miti inaendelea kuanguka. Unaona ninachosema? Kesi wameshinda.

#5 Mkalimani_Oakland

Habari zenu. Mimi ni mtu wa Uvira, naishi Oakland, California. Nafanya ukalimani wa Kiswahili kwa wakimbizi wa kwetu Kongo. Nimeona uzi huu nikasema lazima niandike, kwa sababu Wamam ni majirani zangu. Wapo wengi sana hapa, mtaa mzima unasikia Kimam sokoni.

Niwaambie kitu nilichokiona kwenye hospitali moja. Mama wa Kimam amekuja na mtoto mgonjwa. Mapokezi wameona sura, wameona pasipoti ya Guatemala, wakamwita mkalimani wa Kihispania. Yule mama kila akiulizwa anaitikia kwa kichwa. Ndiyo, ndiyo. Mtoto ana mzio? Ndiyo. Ameshawahi kupewa dawa hii? Ndiyo. Mimi nimekaa kwenye benchi nasubiri mgonjwa wangu, naona kabisa kwamba haelewi, kwa sababu hata kwetu wazee wanaitikia hivyohivyo mbele ya daktari. Ni heshima, si jibu. Nikamwambia muuguzi. Ikapatikana simu: mtu wa Kimam upande ule anatafsiri kwenda Kihispania, mwingine anatoa Kihispania kwenda Kiingereza. Maneno yamepita midomo miwili kabla hayajafika kwa daktari. Ilikuja kujulikana kwamba mtoto hajala siku mbili, na hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Mahakama za uhamiaji ni hivyohivyo. Kimam na K'iche' zimekuwa miongoni mwa lugha zinazohitajika sana humo, na wakalimani ni wachache. Mtu anaeleza kwa nini alikimbia, maisha yake yote yanategemea maelezo hayo, anaeleza kwa lugha ya pili ambayo aliisoma darasa la tatu akaacha shule.

Wengi ninaowafahamu wamekuja kwa deni. Shamba limewekwa rehani kumlipa anayewavusha. Akikamatwa akarudishwa, deni liko palepale na shamba linakwenda.

#6 Mbuyu_Mkavu (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Uvira, asante sana. Hapo kwenye shamba la rehani umenipa mnyororo kamili. Pesa ambazo Waguatemala walio nje walituma nyumbani mwaka 2023 zilikaribia dola bilioni 20. Ukipita milimani Huehuetenango unaona nyumba za ghorofa katikati ya mahindi, aliyezijenga hajawahi kulala ndani. Ila kabla mtu hajaanza kutuma, kuna mwaka mmoja au zaidi wa kulipa deni la safari, na dhamana ni kipande cha ardhi ambacho wakati mwingine hata hati hakina, kimeandikishwa tu kwa wakili wa mji mdogo.

#7 Mama_Mtori

Samahani wakuu, mimi si msomaji wa mambo ya kesi. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto huku Rungwe. Nilisikia kwenye semina Guatemala ikitajwa kwa udumavu wa watoto nikashangaa, maana mahindi yenyewe yametoka pande za kwao. Sisi ugali tumepata kutoka pande hizo. Inakuwaje mwenye mahindi mtoto wake adumae?

#8 Mbuyu_Mkavu (mleta uzi)

Shikamoo mama, kama umri unaruhusu. Swali lako ndilo lililo karibu na moyo wangu kuliko yote humu.

Utafiti wa taifa wa afya ya mama na mtoto wa 2014 hadi 2015 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa Guatemala ni asilimia 46.5. Kwa watoto wa jamii za asili ni asilimia 58. Na Guatemala si nchi maskini ya kutupwa. Inauza nje sukari, ndizi, kahawa, iliki na mawese.

Mahindi kwao ni zaidi ya chakula. Katika simulizi zao za kuumbwa, mtu alitengenezwa kwa unga wa mahindi. Na walijua kuyapika kuliko tulivyojua sisi tulipoyapokea: punje zinachemshwa na chokaa, zinalala usiku, asubuhi zinaoshwa ganda linatoka, ndipo zinasagwa kuwa donge la kutengenezea mkate wao wa duara. Chokaa ile inaongeza madini na kuifungua vitamini ambayo ugali wetu mkavu hauiachii. Shambani mahindi hayakai peke yake: maharage yanapanda kwenye bua lake, maboga yanatambaa chini yakifunika udongo. Mlo wa mahindi, maharage, mboga na mbegu za maboga ni mlo kamili.

Lakini shamba hilo linataka eneo. Familia iliyosukumwa juu ya mteremko, kwenye nusu ekari iliyogawanywa mara tatu kwa urithi, inavuna mahindi ya miezi michache. Miezi inayobaki ni kununua. Na ili kununua, baba anashuka pwani kukata miwa au kuchuma kahawa, wakati mwingine na watoto. Mama anabaki na mkate na chumvi. Maji ya bomba salama hakuna, kuhara kunamaliza kile kidogo. Wewe unajua zaidi yangu kinachofuata kwenye kadi ya kliniki.

Bonde la Polochic, ambalo ni tambarare na lenye rutuba, lilikwenda kwenye miwa na michikichi. Machi 2011 mamia ya familia za Kiq'eqchi' zilifurushwa humo kwa nguvu, mahindi yakiwa karibu kuvunwa.

Hali ya hewa nayo imebadilika. Ukanda mkavu wa mashariki unakosa mvua, kisha Novemba 2020 zinakuja tufani mbili mfululizo, Eta na Iota. Kijiji cha Quejá huko Alta Verapaz kilifunikwa na mlima. Watu walijenga pale kwa sababu ardhi iliyokuwa salama ina mwenyewe.

Kuna jambo la furaha nisilisahau. Mwaka 2014 bunge la Guatemala lilipitisha sheria ya hakimiliki za mbegu iliyowatisha wakulima kwamba kubadilishana mbegu kutakuwa kosa. Waliandamana, na Septemba ya mwaka huo bunge likaifuta. Hii ilitekelezwa mara moja, kwa sababu kufuta hakuhitaji karani wa ardhi.

#9 BintiBaringo

Hamjambo. Nasoma kutoka Kenya. Mimi ni Mwendorois, kwetu ni Ziwa Bogoria. Mleta uzi, nilipofika kwenye zile kurasa zilizonyofolewa ilibidi niweke simu chini.

Sisi tulitolewa miaka ya 1970 pawe hifadhi ya wanyama. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitupa haki, uamuzi ukatangazwa Februari 2010, na uliegemea kesi za huko Amerika, ile ya Wasaramaka wa Suriname ikitajwa sana. Wazee walicheza ngoma. Wengi wao wameshazikwa, hati ya ardhi hatujaiona. Waogiek wa Mau nao walishinda mahakama ya Arusha tarehe 26 Mei 2017, fidia ikaamuliwa Juni 2022, na baada ya hapo bado wakabomolewa nyumba.

Ninachotaka kuuliza: kuna Wamaya popote ambao hukumu imewafikia kweli?

#10 Mbuyu_Mkavu (mleta uzi)

Dada, pole sana kwa wazee wenu.

Belize ndiko walikokaribia zaidi. Wilaya ya Toledo, kusini, ina vijiji vya Wamopan na Waq'eqchi'. Mwaka 2007 vijiji viwili, Conejo na Santa Cruz, vilikwenda mahakamani vikidai kwamba umiliki wao wa kimila ni mali inayolindwa na katiba. Jaji Mkuu wa Belize wakati ule alikuwa Mwafrika, Abdulai Conteh wa Sierra Leone. Oktoba 2007 aliwapa ushindi, na ndani ya hukumu akalitumia Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili, lililokuwa na mwezi mmoja tu tangu lipitishwe. Mtu aliyetoka nchi ambako machifu na ardhi ya kimila ni mambo ya kila siku hakupata taabu kuelewa kwamba ardhi yaweza kuwa ya kijiji na bado ikawa na mwenyewe.

Mwaka 2010 akatoa hukumu kama hiyo kwa vijiji vyote vya Wamaya vya Toledo, na serikali ikakata rufaa. Tarehe 22 Aprili 2015 mbele ya Mahakama ya Haki ya Karibiani pande zote zilikubaliana: vijiji vya Wamaya vya Toledo vina haki ya kimila, serikali itunge utaratibu wa kupima na kuilinda, na isiguse ardhi hiyo kabla bila ridhaa. Mahakama ikabaki na jukumu la kufuatilia utekelezaji, na hapo ndipo wenzetu wametuzidi: wahusika wanaitwa tena na tena kueleza wamefika wapi. Hata hivyo upimaji uliingia kwenye malumbano ya mipaka, na mwaka 2021 mahakama ya Belize ikakuta serikali imepitisha barabara kwenye ardhi ya kijiji cha Jalacte bila kuwauliza wenyewe.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba imewafikia nusu. Wana vyombo viwili ambavyo nadhani Waendorois na Waogiek wangevipigania: mahakama inayoendelea kuita watu baada ya hukumu, na umoja wa viongozi wa vijiji wenye ofisi na wanasheria wao wa kudumu. Kesi isiwe ya kijiji kimoja kimoja.

#11 Ngoshi_wa_Maswa

Mkuu, kuna jambo hujaligusa. Imani. Huku kwetu Usukumani tumezika bibi zetu kwa sababu ya macho mekundu, mtu anaitwa mchawi anakatwa mapanga. Huko wakoje?

#12 Mbuyu_Mkavu (mleta uzi)

Ngoshi, lipo, na ni chungu. Juni 2020, kijiji cha Chimay, Petén, mzee Domingo Choc, mganga wa mitishamba wa Kiq'eqchi', alitolewa nyumbani akatuhumiwa uchawi, akachomwa moto akiwa hai. Video ilisambaa. Mzee huyo alikuwa akifanya kazi na watafiti wa vyuo vikuu kuorodhesha mimea ya dawa ya msituni. Waliomuua walikuwa watu wa eneo lake mwenyewe. Miaka mingi ya kuhubiriwa kwamba sala za mlimani na ubani ni ushetani, vita iliyoua wazee wa mila, na umaskini unaotafuta wa kumlaumu: vyote vilikutana pale.

Hapo pia utaona kwa nini redio zao zina uzito. Redio za jamii zinazotangaza kwa Kikaqchikel au Kimam ndizo zinazoweza kuongea na kijiji kwa lugha yake, kuhusu chanjo, mbegu, hata kuhusu uongo wa uchawi. Sheria ya Guatemala inauza masafa kwa mnada, mwenye fedha anachukua. Polisi wakavamia redio ndogo na kubeba mitambo. Wakaqchikel wa Sumpango walikwenda San José, na Oktoba 2021 mahakama ikaamuru sheria ibadilishwe wapewe masafa. Mnaweza kukisia kilichofuata.

#13 Reli_ya_Kati

Mkuu nimekuelewa sasa, na hoja ya treni naiweka pembeni. Lakini kisiasa hawa ni zaidi ya asilimia 40. Wakiungana si wanachukua nchi?

#14 Mbuyu_Mkavu (mleta uzi)

Wamejaribu, mkuu. Mwaka 2019 Thelma Cabrera, mama wa Kimam kutoka harakati za wakulima, aligombea urais akashika nafasi ya nne kwa zaidi ya asilimia 10. Mwaka 2023 chama chake kilizuiwa kusimamisha jina lake.

Na mwaka huohuo wakafanya kubwa zaidi. Bernardo Arévalo alishinda urais, ofisi ya mwendesha mashtaka mkuu ikaanza kukamata masanduku ya kura na kukifungulia kesi chama chake. Vyama vya siasa vilikuwa vinatoa matamko. Waliotoka ni mamlaka za jadi za Wamaya, wakiongozwa na Kata 48 za Totonicapán. Hizi kata zina viongozi wanaochaguliwa kila mwaka na mkutano wa kijiji, hawalipwi mshahara, wanashika fimbo ya uongozi, na kazi yao ya kila siku ni kulinda msitu wa jamii na vyanzo vya maji. Oktoba 2012 wanajeshi waliwafyatulia risasi wakiandamana barabarani kuhusu bei ya umeme na wakaua. Hawa ndio tarehe 2 Oktoba 2023 walifunga barabara, wakapiga kambi mbele ya ofisi ya mwendesha mashtaka Jiji la Guatemala, kina mama wakipika kwenye masufuria makubwa yaliyochangwa vijijini, watu wakipokezana kwa zamu kama wanavyopokezana kulinda msitu. Walikaa zaidi ya siku 100, mpaka Arévalo alipoapishwa Januari 2024.

Aliyekuwa rais wa Kata 48 wakati huo, Luis Pacheco, aliteuliwa naibu waziri wa nishati. Aprili 2025 ofisi ileile ya mwendesha mashtaka ilimkamata pamoja na mwenzake Héctor Chaclán. Miongoni mwa mashtaka ni ugaidi, kwa ajili ya zile barabara za 2023.

Dada BintiBaringo, hukumu ya Agua Caliente ipo yote kwa Kihispania, ndefu. Nimeanza kuandika muhtasari wake kwa Kiswahili, hasa sehemu inayoeleza serikali inapaswa kutoa hati ya pamoja kwa hatua zipi. Nikimaliza nitaiweka hapahapa ili mawakili wenu waitazame. Ndugu wa Uvira, au yeyote anayejua Kihispania cha mahakamani, nitahitaji jicho lako kwenye aya za fidia.